Nomino za Kiingereza Mdomoni mwa Mtoto wa Nakuru

Hotuba kwa wazazi, walimu na wanafunzi katika ukumbi wa shule, Nakuru

Mwalimu mkuu, wanachama wa bodi, walimu wenzangu, akina mama na akina baba mlioacha kazi za Jumamosi mkaja hapa, na nyinyi wanafunzi mliojaa huko nyuma: hamjambo nyote.

Nimeitwa nizungumze juu ya Kiingereza. Walionialika walinieleza shida yao hivi: watoto wetu wanakisikia Kiingereza redioni na kwenye simu, kuanzia gredi ya nne wanafundishwa hesabu na sayansi kwa Kiingereza, lakini wakiandika insha daftari linarudi limejaa wino mwekundu. Sitazungumza juu ya Kiingereza chote, maana tutakesha. Nitashika nomino peke yake: majina ya watu, vitu na mahali, wingi wake, namna ya kusema kitu hiki ni cha nani, na yale maneno madogo yanayosimama badala ya jina, yaani viwakilishi. Kwa miaka niliyofundisha Kiswahili na Kiingereza, hapo ndipo nimeona wino mwingi zaidi ukimwagika.

Msimamo wangu nausema mapema ili mnipime nao. Mtoto anayekosea nomino za Kiingereza, mara nyingi anafuata kanuni, tena anaifuata kwa uaminifu. Shida ni kwamba kanuni yenyewe ni ya lugha aliyoijua kwanza. Mwalimu anayeijua kanuni hiyo atalirekebisha kosa kwa kipindi kimoja. Asiyeijua atalipigia mstari mwaka huu, na mwaka ujao mwenzake atalipigia mstari lile lile.

Tazameni sentensi hii, ambayo hakuna mwalimu wa Kiingereza kutoka hapa hadi Busia asiyeifahamu: "Mary and his husband went to the market." Mwingereza akiisoma anashtuka, kwa sababu kwake Mary amegeuka kuwa mwanamume. Mtoto aliyeiandika anajua fika kwamba Mary ni mwanamke. Imekuwaje?

Kwa Kiswahili tunasema "Mary na mume wake". Neno "wake" limevaa sare ya mume. Kingekuwa kitabu tungesema "kitabu chake", shamba tungesema "shamba lake", miguu tungesema "miguu yake". Kinachobadilisha mwanzo wa neno ni kile kinachomilikiwa. Mwenye mali, awe Mary au John, awe nyanya wa miaka themanini au mtoto wa juzi, habadilishi hata herufi moja. Kiingereza kinafanya kinyume. "His" na "her" havijali kinachomilikiwa, kiwe kimoja au mia, kiwe mume au mwiko. Vinamtazama mwenyewe: ni wa kiume au wa kike? Basi mtoto anapofika mahali pa kuchagua, anafanya alivyozoea tangu aanze kusema. Anatazama kinachomilikiwa. Anamwona mume. Mume ni mwanamume. Anaandika "his". Mfaransa anayejifunza Kiingereza hujikwaa hapo hapo, kwa kuwa katika lugha yake pia neno la umilikishi hufuata jinsia ya kinachomilikiwa. Wala hakuna anayesema Wafaransa hawana akili.

Kuna na upande wa pili. Kiswahili kina "yeye", basi. Mama ni yeye, baba ni yeye. Dholuo ina "en", na mwanamume na mwanamke wote ni "en". Gĩkũyũ, Ekegusii na lugha zote za Waluhya haziwatenganishi watu kwa kiwakilishi, na Kikalenjin vivyo hivyo. Mji wetu huu umekusanya watoto kutoka lugha zote hizo. Mtoto wa Kaptembwo au wa Bondeni anaingia shule akiwa amezungumza miaka mitano, sita, bila lugha yake kumdai aseme kila mara kama anayemtaja ni wa kike au wa kiume. Anajua tofauti kati ya shangazi na mjomba, lakini "yeye" haijawahi kumuuliza. Kiingereza kinamuuliza kila sentensi. Hata mtu mzima, daktari au mhandisi, akichoka au akiharakisha, utamsikia akimwita mama yake "he". Ulimi umerudi nyumbani.

Dawa ninayoitumia, na ninayoiomba mwijaribu, ni kumpandisha mtoto kwa hatua. Anaanza na Kiswahili: mume wa Mary. Hapo jina la mwenyewe liko wazi. Kisha analipeleka Kiingereza kwa mpangilio ule ule: "the husband of Mary". Kisha analigeuza, mwenyewe akae mbele: "Mary's husband". Hapo ndipo anapoulizwa, "Mary ni nani, mvulana au msichana?" Msichana. Basi lifute jina na uandike "her husband". Mtoto akifanya hivyo kwa picha ya jamaa yake mwenyewe, kaka wa Akinyi, dada wa Kiprono, nyanya wa Wanjiru, kwa wiki mbili, anaacha kubahatisha. Na ameona pia kwamba ile "'s" ya umilikishi na lile neno "her" ni kazi moja katika nguo mbili, jambo ambalo vitabu vingi vya darasani hulitenga katika sura mbalimbali kana kwamba havijuani.

Hebu nikae kidogo zaidi kwenye viwakilishi. Mwanafunzi anaandika, "My father he works in Naivasha." Mwalimu anakata "he" na kuandika pembeni kwamba limerudiwa. Ni kweli. Lakini sikilizeni Kiswahili: baba yangu anafanya kazi Naivasha. Ile "a" mwanzoni mwa kitenzi ndiyo "he" ya mtoto. Kwetu haiwezi kukosa hata kama baba ametajwa. Sema "baba yangu nafanya kazi" uone watu watakavyokutazama. Au mwanafunzi anaandika, "The book which I bought it is lost." Kitabu nilichokinunua kimepotea: "ki" ya kitabu imo ndani ya kitenzi, na mtoto anaitafutia mahali pa kukaa katika Kiingereza. Mwambieni hivi: kitenzi cha Kiingereza hakibebi mtenda wala mtendwa tumboni. Jina likiwapo, kiwakilishi kinaondoka. Kiwakilishi kikiwapo, jina linaondoka. Nimewahi kuona darasa zima la gredi ya saba likicheka kwa furaha baada ya kuelezwa hivyo, kwa sababu kwa mara ya kwanza kosa lao lilikuwa na maana.

Na ng'ombe je? Kwetu ng'ombe yumo katika ngeli ya A-WA pamoja na watu: ng'ombe wangu amezaa. Kiingereza humwita "it" pamoja na mawe na viti, isipokuwa mwenye ng'ombe akimpenda au akitaka kutaja jinsia, hapo atasema "she". Kwa mtoto wa mfugaji, kumwita ng'ombe "it" ni kumvunjia heshima. Hapa mimi niko upande wa mtoto, lakini mtihani hauko upande wake, kwa hiyo tumfundishe.

Jambo jingine dogo kuhusu kila mtu. "Every student must bring their book." Wapo walimu wanaolikata "their" hapo na kudai "his or her". Waingereza wamelitumia neno hilo kwa mtu mmoja asiyejulikana jinsia tangu karne ya 14. Na "they" lenyewe halikuzaliwa Uingereza. Lililetwa na watu wa Skandinavia waliokuja kuvamia wakaishia kuhamia, likaondoa viwakilishi vya zamani ambavyo vilikuwa vimeanza kufanana na "he" na "him" hadi vikawachanganya watu. Kwa hiyo mtoto akiandika "their", msimnyang'anye alama. Ni neno linalotufaa sana sisi wenye "yeye" moja.

Sasa wingi. Kiswahili huweka alama ya wingi mbele: mtu, watu; kiti, viti; mti, miti. Sikio la mtoto limefunzwa kungoja habari mwanzoni mwa neno. Kiingereza huiweka mwisho, tena kwa sauti nyembamba, ile "s". Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, kwa hiyo konsonanti inayoning'inia mwisho wa neno haigongi sikio. Ongezeni hapo ngeli ya I-ZI, ambamo nomino haibadiliki kamwe: nyumba moja, nyumba kumi, ndizi moja, ndizi kumi. Idadi imetajwa, imetosha. Mtoto anayeandika "ten banana" amefuata ndizi. Muulizeni, "Je, banana ni KI-VI au ni I-ZI?" Atajua mara moja mnachotaka: karibu nomino zote za Kiingereza zinazohesabika huvaa alama hata kama namba ipo. Zile za kufanana na I-ZI ni chache, na mtoto atazipenda: "sheep", "deer", na mara nyingi "fish". Samaki mmoja wa Dunga ni "a fish", na ndoo nzima bado ni "fish".

Waongozaji watalii pale Ziwa Nakuru huenda mbali zaidi. Utawasikia wakisema "three lion" na "five buffalo". Hiyo ni desturi ya kale ya wawindaji wa Kiingereza, waliowahesabu wanyama namna hiyo. Mtoto akiisikia mbugani asiilete kwenye insha. Huku aandike "three lions". Flamingo wa ziwa letu wanaweza kuandikwa "flamingos" au "flamingoes", zote ni sahihi. Viazi vya Molo havina uhuru huo. Ni "potatoes" tu, na kimoja ni "potato" bila "e". Mwaka 1992 Makamu wa Rais wa Marekani, Dan Quayle, alimwelekeza mwanafunzi mbele ya kamera aongeze "e" mwishoni mwa "potato", na mtoto ndiye aliyekuwa amepatia.

Nataka tukae zaidi kwenye neno la mtoto, "child". Wanafunzi wetu huandika "childrens", na sisi tunakata. Lakini mnajua "children" yenyewe ilitoka wapi? Zamani wingi ulikuwa unaishia kwa "r": "childer", kwa kukadiria. Baadaye watu wakaona wingi huo haujitokezi vya kutosha, wakaongeza "en", ile ile iliyomo katika "oxen", neno ambalo wakulima wa Bungoma wanaolima kwa maksai wanaweza kulitumia kila msimu. Kwa hiyo "children" ni wingi juu ya wingi. Mtoto wa Free Area anayeongeza "s" amefanya kile kile Waingereza walichofanya, ila amechelewa karne kadhaa. Kata hiyo "s", mwalimu, lakini mwambie kisa hiki.

"Man" na "men", "foot" na "feet", "tooth" na "teeth", "goose" na "geese", "mouse" na "mice", "louse" na "lice", na "woman" na "women": ni maneno saba hayo, yanayobadilika tumboni badala ya mwisho. Kale sana wingi wake ulikuwa na sauti ya "i" mwishoni. Ulimi ukawa unajiandaa mapema kwa ajili ya "i" hiyo, irabu ya katikati ikavutwa mbele, kisha "i" yenyewe ikaanguka na kuacha alama ya mvuto wake. La saba ndilo linalotusumbua zaidi. Watoto huandika "one women" kila siku, na watu wazima pia, hata kwenye mabango. Sababu iko sikioni. Katika maandishi tofauti iko silabi ya pili, "man" na "men", lakini katika matamshi tofauti iko silabi ya kwanza: mmoja ni kama "wu", wengi ni kama "wi". Mtoto husikia mabadiliko mahali pamoja na kutakiwa kuyaandika mahali pengine. Mtamkieni mara nyingi, aandike akisikiliza.

Kuna jozi nyingine ninayoipenda: mwizi na chifu. "Thief" wingi wake ni "thieves". "Chief" wingi wake ni "chiefs". Mtoto anauliza kwa nini, na hana budi kujibiwa. Katika Kiingereza cha kale, "f" ikikaa kati ya irabu mbili, au kati ya sauti kama "l" na irabu, ilitamkwa "v", na maneno ya kienyeji kama "thief", "wife", "knife", "leaf" na "wolf" yakahifadhi sauti hiyo katika wingi. "Chief" lilikuja na Wafaransa baada ya mwaka 1066, desturi hiyo ikiwa tayari imeshika maneno mengine, likachukua "s" peke yake. "Roof" ni la kienyeji lakini siku hizi linaandikwa "roofs", kwa hiyo kanuni hii haifungi mlango kabisa. Inasaidia tu.

Maneno ya Kilatini na Kigiriki nayapita haraka. "Criterion" ni kimoja, "criteria" ni vingi; "curriculum" na "curricula"; na Afraha ni "stadium", viwanja viwili ni "stadiums", hakuna haja ya kujitesa na "stadia".

Lakini hili la njegere siwezi kulipita. Zamani Waingereza waliita punje moja ya njegere "pease". Ile "s" ilikuwa sehemu ya neno. Karne ya 17 watu wakaidhania ni alama ya wingi, wakaikata, wakapata "pea" ambayo haikuwapo. Wanaouza minji katika soko la Wakulima wanauza tunda la kosa hilo, na leo ni Kiingereza safi. Sisi je? Waarabu walitupa neno "kitab", na "ki" hiyo ni sehemu ya mzizi. Wahenga wetu waliisikia kama ile ya kiti na kisu, wakatengeneza "vitabu". Fundi wa magari alisikia "mudguard", akaona "ma" ya wingi, akapata "digadi" moja. Kila watu waliopokea neno geni wamelikagua kwa kanuni za nyumbani. Mtoto wenu anapokosea "furnitures" yuko katika kazi hiyo hiyo ya kale.

Nami hapo ndipo nilipokuwa naelekea. "Furnitures", "informations", "advices", "equipments", "luggages". Hizi zimetapakaa katika barua za kuomba kazi hapa Nakuru, na zinawanyima vijana wetu nafasi. Kiingereza kinagawa nomino mafungu mawili makubwa: zinazohesabika na zisizohesabika. Watoto wetu huambiwa kwamba zisizohesabika ni kama maji na mchanga. Mtoto anatazama viti na meza za sebuleni, anazihesabu moja, mbili, tatu, kisha anaambiwa "furniture" haihesabiki. Anaona anadanganywa.

Wenzangu walimu, tunacho chombo ambacho Mwingereza hana. Tuna ngeli. Mtoto wa gredi ya tano anajua kwamba sukari iko I-I: sukari imemwagika, na hakuna "sukari zimemwagika". Anajua ugali uko U-U na maji yako YA-YA. Anakubali bila ubishi kwamba baadhi ya nomino hazina wingi na nyingine hazina umoja, kwa sababu ngeli ndiyo imesema hivyo, wala haulizi kama kitu chenyewe kinaweza kuhesabiwa kwa vidole. Basi mwambieni: "furniture" kwa Kiingereza iko I-I. Samani zetu ziko I-ZI, zao ziko I-I. "Information" iko I-I, ingawa habari zetu ziko I-ZI. "Advice" ni kama ushauri wetu, U-U kwa U-U, na hapo lugha mbili zimekubaliana. Ukitaka kuhesabu, unatafuta neno la kushikilia, kama tunavyosema vijiko viwili vya sukari: "two pieces of furniture", "a piece of advice".

Fanyeni hivyo pia na zile zinazokwenda upande wa pili. Maji, maziwa na mafuta kwetu ni YA-YA, yana sura ya wingi daima: maziwa yamechacha. Kiingereza kinayaweka I-I: "the milk is sour". Nywele zetu ziko U-ZI, unywele mmoja, nywele nyingi, ndiyo maana watoto huandika "my hairs are long". Za Mwingereza ziko I-I: "my hair is long". Sasa geuzeni: suruali yetu moja iko I-ZI, lakini "trousers" ni YA-YA, daima wingi, hata kama ni moja na ina kiraka. "Scissors" vivyo hivyo. "Cattle" ni wingi usio na umoja wake, "the cattle are grazing". "Police" pia ni wingi: "the police are here", kama sisi tunavyosema polisi wamefika. Na "news" ina "s" lakini iko I-I: "the news is good". Hiyo imewaangusha watahiniwa wengi.

Jedwali la aina hiyo, ngeli ya kwetu upande mmoja na ya kwao upande wa pili, linaingia kwenye karatasi moja ya manila ukutani. Katika yote ninayowaambia leo, ningelazimika kuchagua moja, ningechagua hili.

Bado ritifaa. Watoto wetu wanaijua kutoka Kiswahili, ile alama ya ng'ombe na ng'ambo, inayotenga sauti ya "ng'" na ile ya ngoma. Kwa Kiingereza ina kazi nyingine: kuonyesha herufi zilizoanguka, na kuonyesha umilikishi. Kazi ya pili ilitokana na ya kwanza, kwa sababu kale umilikishi uliandikwa "es", na "e" ilipoanguka ritifaa ikaja kukaa mahali pake.

Makanisani mwetu mna akina mama wa "Mothers' Union", chama kilichoanzishwa na Mary Sumner mwaka 1876. Ritifaa iko baada ya "s", kwa sababu ni chama cha akina mama wengi. Siku ya Mama ni "Mother's Day", ritifaa kabla ya "s". Anna Jarvis wa Marekani, aliyeipigania hadi ikatangazwa rasmi huko mwaka 1914, alisisitiza iwe hivyo, ili kila nyumba imheshimu mama wake mmoja. Nukta moja inayoning'inia, ikihamia hatua moja, inageuza mama mmoja kuwa kundi zima. Nomino ambayo wingi wake hauna "s" hurudi kwenye utaratibu wa umoja: "children's", "women's". "Womens'" haipo.

Katika kaunti yetu hii kuna "Hell's Gate" kule Naivasha. Na katika mbuga ya Ziwa Nakuru wapo twiga waliohamishiwa humo miaka ya 1970 ili uzao wao usipotee, ambao Waingereza huwaita "Rothschild's giraffes". Tazameni hizo "s" mbili. Ya kwanza ni ya umilikishi, ina ritifaa. Ya pili ni ya wingi, haina. Bwana Rothschild hakumiliki hata mmoja wa twiga wale. Jina lake limeambatishwa tu, kama tunavyosema mtu wa Kisumu bila kumaanisha Kisumu imemnunua. Umilikishi wa Kiingereza ni mpana kama "-a" yetu ya uhusiano. Na yale mabango ya barabarani yenye "tomatoe's" na "phone's" yameipa "s" ya wingi ritifaa isiyoidai. Kwa upande mwingine, "Teachers Service Commission" inayotuajiri haina ritifaa katika jina lake rasmi. Pale "teachers" limetumika kueleza tu aina ya tume. Msimwadhibu mtoto kwa kuinakili ilivyo.

Viwakilishi vya umilikishi havina ritifaa: "hers", "ours", "yours", "theirs", "its". "It's" ni "it is" au "it has" iliyofupishwa. Hilo la mwisho linawashinda hata Waingereza, na lina historia. Kwa karne nyingi umilikishi wa kitu uliandikwa "his". "Its" ni changa. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Mambo ya Walawi 25:5, palichapishwa "it owne accord", na wachapishaji wa baadaye ndio walioiweka "its". "Its" ilipoenea, wengi waliiandika kwa ritifaa, hadi mwanzoni mwa karne ya 19. Kipimo ni kimoja: sema "it is" mahali hapo. Sentensi ikisimama, weka ritifaa. Ikianguka, iondoe.

Wazazi, sehemu yenu. Wengi mnakumbuka kile kipande cha mti kilichotundikwa shingoni mwa mtoto aliyesikika akizungumza lugha ya nyumbani, na fimbo iliyofuata jioni. Zipo nyumba mjini humu ambazo bado zinakitundika kwa njia nyingine: mtoto anakatazwa Kiswahili na Dholuo mezani ili Kiingereza chake kinyooke. Yote niliyoyaeleza leo, ngeli, "wake" na "yake", "a" ya baba anafanya kazi, nimeweza kuyaeleza kwa sababu watoto hawa wanajua lugha nyingine barabara. Mtoto asiyejua nywele ziko ngeli gani, nimfafanulie "hair" kwa kutumia nini? Sera ya elimu inataka miaka ya kwanza ifundishwe kwa lugha ya eneo, na hapa mjini lugha hiyo ni Kiswahili. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kimeziweka Kiswahili na Kiingereza pamoja kama lugha rasmi. Zungumzeni nao kwa lugha mnayoijua hadi ndani, wasimulieni, wagombezeni, watanieni kwa hiyo hiyo. Kiingereza tutakipanda juu yake.

Walimu wenzangu, nawaomba pembeni mwa kila mstari mwekundu muandike neno moja la sababu: "mume wake", "I-ZI", "anafanya". Mtoto ataelewa. Nanyi wanafunzi, wiki hii mkitoka shule kuelekea steji, nakilini mabango kumi yenye nomino za Kiingereza, yaliyo sahihi na yasiyo sahihi, mseme kila "s" ina kazi gani na kila ritifaa inamfuata nani. Msiyacheke maduka ya watu. Yaleteni kwa mwalimu wenu wa Kiingereza Jumatatu ijayo.

Sasa nipo tayari kwa maswali, kwa lugha yoyote mtakayopenda kuuliza.